Tumepiga kambi ziwani Michigan, familia nzima inawashwa. Marekani nako kuna kichocho?

#1 mama_wa_GR
Habari zenu wakuu. Tunaishi Grand Rapids, na joto la mwezi huu wa saba mnalijua, ndani ya nyumba hakukaliki, basi baba watoto akasema twende kaskazini tukapige kambi ziwani watoto wapoe. Tukabeba hema, magodoro ya kujaza upepo, sufuria, mchele, kuku nilimkolezea viungo toka nyumbani, na kuni tukapakia nyuma ya gari. Ziwa zuri mno, maji maangavu unaona mpaka vidole vyako vya miguu, watoto wakashinda humo kuanzia asubuhi mpaka jua la saa saba. Jina la kambi sitaji maana sitaki kumchafulia mtu.

Sasa jioni ile ile wawili wakubwa wakaanza kujikuna miguu, vipele vyekundu vidogo vidogo kuanzia kwenye nyayo kupanda mpaka mapajani. Mdogo usiku akapata joto la mwili. Mimi sikuingia majini kabisa lakini vifundo vya miguu vimejaa vipele. Baba watoto yeye ameanza tuliporudi nyumbani, mikono yote, tena vimekaa mistari mistari na vina maji. Mama mkwe nimempigia simu Mwanza kasema moja kwa moja, hicho ni kichocho, wapeni dawa leo leo. Daktari wa hapa kaangalia kidogo tu akasema ni aleji akatupa krimu.

Nauliza, Marekani kuna kichocho? Na kama si kichocho ni nini hiki kinachoshika mpaka mtu ambaye hajaogelea?

#2 Msukuma_Halisi
Pole sana dada. Mama mkwe wako msikilize. Sisi tumekulia Nyanza, ukiingia maji yaliyotulia penye matete ukatoka unawashwa, ndo kinaingia hivyo. Sisi shuleni tulikuwa tunapangwa mstari kila mwaka, unasimama kwenye ule mti mrefu wenye alama wanakupima urefu, kulingana na urefu wako unapewa vidonge vyako, vikubwa vile vichungu, unameza baada ya kula. Wape dawa leo, usisubiri.

#3 Nai_Dad
Pole mama. Niko Minnesota, huku maziwa ni maelfu na kila summer watoto wangu wako ndani ya maji. Hiyo kitu iliwashika pia. Sio bilharzia, yaani hicho kichocho, watu wa huku wanaijua sana, wanaiita muwasho wa waogeleaji. Inaisha yenyewe kama wiki moja hivi. Usilale macho wazi.

#4 Maabara_Kwanza
Nimefanya kazi maabara kanda ya ziwa miaka mingi, Ukerewe na Mwanza mjini, sasa niko Ohio. Naomba niseme mawili matatu.

Kwanza, kichocho kinahitaji konokono wake maalumu. Kile cha tumbo kinachosumbua Ziwa Victoria kinamtegemea konokono wa jamii moja, kile cha mkojo kinamtegemea wa jamii nyingine. Mtu anayeumwa akijisaidia majini mayai yanaanguliwa, yanamwingia yule konokono, yanakulia humo, halafu vinatoka viminyoo vichanga vinavyotafuta ngozi ya mtu. Huo mnyororo huku Michigan haupo. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza, kichocho cha binadamu hujakipata kwenye ziwa hilo.

Pili, @Msukuma_Halisi hiyo ya "wape dawa leo" sio sawa hata kama ingekuwa kichocho chenyewe. Prazikwanteli, ndiyo hiyo dawa ya kichocho, inaua minyoo iliyokomaa, vile vichanga vilivyoingia jana haiviui vizuri. Mtu aliyeingia maji ya kichocho mara moja tu kwa kawaida anasubiri wiki sita hadi nane ndo anapimwa na kutibiwa. Zile za shuleni mlikuwa mnapewa kwa sababu mnaingia majini mwaka mzima, ndani yenu ilikuwepo iliyokomaa tayari.

Tatu, Nai_Dad yuko karibu na ukweli lakini hajasema kwa nini mama ambaye hakuingia majini naye anawashwa.

#5 Uvira243
Jambo bandugu. Mi niko Grand Rapids vilevile, natoka Uvira, Congo. Kwetu ku ziwa Tanganyika tunaogaka kila siku, batoto banashinda mu maji, na kuwashwa kwa namna hii sikuonaka. Mi nafikiri ni ile dawa banamwangaka mu majani ya park ku kuua wadudu. Mama alikaa chini ku majani, ile dawa ikamushika ku miguu. Kabisa.

#6 mama_wa_GR
Asanteni. @Uvira243 kweli nilitandika mkeka kwenye nyasi karibu na maji na kuanzia saa kumi jioni nilikuwa napiga piga miguu kuna vinzi vinauma, nikadhani mbu.

#7 Mwanafunzi_Bio
Nasoma biolojia hapa Michigan kwa hiyo hili nalijua vizuri. Mnavyosema muwasho wa waogeleaji, chanzo chake kimegundulika hapa hapa Michigan. Mtafiti anaitwa William Cort alikuwa kwenye kituo cha Chuo Kikuu cha Michigan pale Ziwa Douglas, akachapisha mwaka 1928 kwamba ule muwasho unaletwa na viminyoo vichanga vinavyotoka kwenye konokono. Ni ndugu wa minyoo ya kichocho, ila hawa mwenyeji wao ni ndege, hasa bata. Minyoo inakaa kwenye bata, bata ananya majini, mayai yanaanguliwa, yanaingia konokono, yanatoka yanatafuta bata mwingine. Yakikutana na mguu wa mtoto yanadhani ni bata, yanatoboa ngozi, halafu yanafia hapo hapo. Mwili unayakataa, ndo vile vipele.

Kwa hiyo mama mkwe wa Mwanza hajakosea kwa mbali hivyo, ametaja ukoo sahihi tu mwenyeji wao si mtu.

Swali kwa mama, kulikuwa na bata?

#8 mama_wa_GR
Bata wengi. Watoto walikuwa wanawatupia vipande vya chapati wanakuja mpaka miguuni.

#9 Mwanafunzi_Bio
Basi.

#10 Mkulima_Lansing
Basi nini? Ngojeni kwanza. Mi nafanya kazi ya kutunza bustani huku Lansing, kila kiangazi napambana na mmea unaitwa poison ivy. Baba watoto mistari mistari yenye maji, mikononi, imeanza baada ya siku, hiyo sio bata hata kidogo. @mama_wa_GR mzee aliingia porini kutafuta vijiti vya kuwashia moto? Ule mmea una majani matatu matatu, unatambaa chini au unapanda kwenye mti, una mafuta. Ukipita unajikwaruza, mafuta yanakaa kwenye mstari wa pale tawi lilipogusa, baada ya muda wa masaa kumi na mawili mpaka siku mbili hivi unaanza kuvimba. Yanakaa kwenye nguo na kamba za viatu muda mrefu, ukivaa tena unaanza upya. Fueni nguo zote za safari, na sabuni ya kutosha, mpaka hema lifuteni.

Na kama alichoma huo mmea kwenye moto basi mwombe Mungu, moshi wake unaingia mapafuni, watu wanalazwa.

#11 Msukuma_Halisi
Yaani huo ni upupu.

#12 Mkulima_Lansing
Hapana mkuu, upupu ukikugusa unaruka hapo hapo unavua shati barabarani. Huu unakaa kimya, unakuja kukupata umesharudi kazini. Ndo maana watu hawaunganishi na safari.

#13 Newala_Juu
Nimeingia kwa ajili ya hapo kwenye mafuta. Sisi wa Mtwara tunajua, maganda ya korosho yana mafuta yanaunguza vidole, wanawake waliobangua korosho kwa mkono wana alama mpaka leo. Huo mmea anaousema Mkulima ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe, na mafuta yake yanafanana. Kuna watu waliowahi kuungua na huo mmea halafu wakimenya embe midomo inavimba, sababu ni ganda la embe. Baba watoto awe mwangalifu na maembe kwa sasa, ale ila amenyewe na mtu mwingine.

#14 mama_wa_GR
Jamani. Aliingia porini ndio, kuni za nyumbani zilikuwa zinatoa moshi tu akaenda kuokota vijiti. Na maembe tunayo jikoni sasa hivi. Newala_Juu asante sana.

#15 Mkulima_Lansing
Umesema kuni mlitoka nazo nyumbani Grand Rapids? Dada hilo usirudie tena. Huku kuna mdudu wa kijani, mdogo, anakula miti inayoitwa ash, aligunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002 na ameua mamilioni ya miti, na anasafiri ndani ya kuni za watu wa kambi. Kuni unanunua kule kule karibu na kambi, mzigo mdogo, na ukibaki unauacha. Hili wengi wetu hatulijui kwa sababu kwetu kuni ni kuni.

#16 Nai_Dad
Kweli kabisa. Na mimi nasema mtu asiende kuokota vijiti ati kwa sababu nyumbani tulikuwa tunaokota. Parks nyingi hawaruhusu.

Lakini turudi kwa maji. Mi nilikulia Kisumu na nawaambia, hapa watu wanaogopa konokono, kule kwetu unaogopa kiboko. Lake Victoria ndio ziwa kubwa duniani na hatukuogopa kuingia.

#17 Maabara_Kwanza
Nai_Dad hapo umeongeza chumvi. Kwa maji baridi kubwa kuliko yote kwa eneo ni Superior, hapo hapo juu yenu Minnesota, kama kilomita za mraba 82,000. Victoria ni la pili, kama 68,800. Na Tanganyika ya @Uvira243 inawapita wote wawili kwa kina, mita 1,470 hivi, wakati Victoria ni kama mita 80 tu.

Halafu hiyo ya "hatukuogopa kuingia" ndo imefanya NIMR Mwanza, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, iwe na kazi ya kutafiti kichocho miaka yote. Tulikuwa tunapima watoto wa visiwani, utashangaa ni wangapi.

#18 Uvira243
Merci Maabara. Tanganyika njo mukubwa.

#19 Nai_Dad
Kwa kina tu bro, kwa kina.

#20 BabuKyela
Salamu vijana. Mimi niko Kyela, nasoma tu kimya lakini hapa nimeona nichangie. Sisi ziwa letu ni Nyasa, na kiangazi chetu ni mwezi wa kumi na wa kumi na moja kabla mvua hazijakaza, joto linapiga mpaka usiku, watu kutoka Mbeya wanashuka Matema na familia zao kulala ufukweni. Kule kichocho kipo, cha mkojo, lakini wenyeji wanajua wapi pa kuogea. Hawaogi penye matete wala mdomo wa mto ambapo maji yamesimama, wanaenda kwenye mchanga mweupe mbele ya upepo penye mawimbi. Konokono hapendi mawimbi.

Huyu mama watoto wake walichezea wapi? Kina kifupi penye majani, au penye mchanga wazi?

#21 mama_wa_GR
Shikamoo babu. Kina kifupi. Niliwakataza kwenda mbele ya magoti kwa sababu hawajui kuogelea vizuri, maji ni matulivu pale pembeni, kuna majani majani kidogo.

#22 BabuKyela
Marahaba. Ni sawa umewalinda wasizame, hilo ndilo kubwa kuliko vipele. Ila pale ndipo konokono anakaa.

#23 Mwanafunzi_Bio
Babu amesema jambo zuri ila kwa maziwa ya huku naomba nimrekebishe kidogo kwenye upepo. Viminyoo hivi vinatoka kwa konokono asubuhi jua likipanda, vinapanda juu ya maji, halafu upepo ukivuma kuja ufukweni unavisukuma vyote pembeni, hata pale penye mchanga safi ambapo hakuna konokono hata mmoja. Kwa hiyo asubuhi yenye jua na upepo unaokuja usoni kwako ukiwa umesimama ufukweni, hapo ndo pabaya. Ukiogelea ndani zaidi penye kina, au mchana baadaye, au siku upepo unaenda ziwani, hatari inapungua. Ila mtoto asiyejua kuogelea huwezi kumwambia aende kwenye kina.

Ziwa Higgins kwa mfano, maji yake ni maangavu sana, kina kinafika kama mita 40, mchanga mzuri, na linajulikana miaka yote kwa muwasho huu. Kule Michigan kaskazini zamani walimwaga salfeti ya shaba majini kuua konokono, ikaonekana haifai, baadaye wakaanza kuwakamata wale bata wazamiaji na vifaranga vyao kuwahamishia maji mengine. Kuna wanaosema imesaidia sana na kuna wanaosema mara tu bata wengine wanarudi.

#24 Msukuma_Halisi
Sijaridhika. Nimeishi na kichocho. Kama ni ndugu wa kichocho, nani kahakikisha hawa wa bata hawaendi kukaa mwilini? Mdogo alipata homa usiku ule ule, homa ya nini kwa vipele?

#25 Maabara_Kwanza
Swali zuri hilo la homa. Kichocho kina homa yake ya mwanzo lakini inakuja wiki kadhaa baada ya kuingia majini, sio usiku ule ule. Kwa hiyo hiyo homa haiungi mkono kichocho, inakipinga. Na hawa wa bata hawawezi kukomaa ndani ya mtu, wanafia kwenye ngozi, hili limeshatafitiwa karibu miaka mia.

Mi mtoto mdogo namfikiria jua. Mama, alikunywa maji kiasi gani? Alilala wapi mchana?

#26 mama_wa_GR
Alilala ndani ya hema saa nane. Tuliweka hema wazi upande mmoja lakini palikuwa panachoma, nilimtoa amelowa jasho hajielewi elewi, nikamweka kivulini nikampa maji kidogo kidogo na juisi, nikamfuta na kitambaa. Usiku akawa wa moto kidogo, asubuhi mzima anaomba chapati. Yeye vipele vyake viko shingoni na mgongoni, miguuni hana.

#27 PembaFlorida
Shingoni na mgongoni, alilala kwenye hema la joto, hiyo ni harara wallahi. Kwetu Pemba mtoto akitoka harara anaogeshwa maji baridi, anaachwa kifua wazi, basi. Mshukuru Mungu imeishia kwenye harara, hema la nailoni juani ni tanuri, mtoto anaweza kupotea humo humo mnadhani kalala.

Na mimi naongeza la kwangu. Huku Florida baharini tunawashwa pia ila inakuwa CHINI ya nguo ya kuogelea, vinanasa vile vitoto vya kiwavi wa baharini kwenye kitambaa. Watoto wakubwa wanawashwa penye nguo au pasipo nguo?

#28 mama_wa_GR
Pasipo nguo. Walivaa kaptula za kuogelea, chini ya kaptula hamna kitu. Mstari unaonekana kabisa.

#29 PembaFlorida
Basi si ya bahari, niwaachie wenyewe wa maziwa.

#30 Uvira243
Mi bado nasema dawa ya majani. Mama hajaingia mu maji, hajaingia mu pori, na iko na vipele ku miguu. Mutaeleza namna gani?

#31 Nai_Dad
Ni wale nzi! Mama mwenyewe alisema alikuwa anapiga miguu. Kuna nzi wanafanana kabisa na wa nyumbani lakini wanauma vifundo vya miguu tu, hata soksi wanapita. Kule Superior upepo ukitoka kusini siku za joto wanajaa ufukweni watu wanakimbilia kwa magari. Dawa ya mbu haiwatishi sana. Vaa soksi nene au ingia majini.

#32 Mkulima_Lansing
Nzi wa kuuma anauma papo hapo na unamwona. Ingekuwa ni hao mama angekuwa anajua. Mi kwa vifundo vya miguu kwenye nyasi karibu na maji nafikiria usubi au hata kupe wadogo. Kupe ndo wa kuangalia kwa makini maana kuna wa miguu myeusi anayeleta ugonjwa wa Lyme. Mama mkague kila mtu nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio, kwenye nywele za watoto. Ukiona wekundu unaopanuka wa duara siku chache au wiki kadhaa zijazo, hapo usikubali krimu, mrudie daktari na umwambie mlikuwa kambini.

#33 mama_wa_GR
Nimewakagua wote leo, kupe sijaona. Nzi niliwaona ndio, lakini waliuma wachache na vipele ni vingi, sasa sijui.

#34 Toledo_Mama
Hodi. Mbona hamna aliyegusia maji ya kijani? Mimi niko Toledo. Mwezi wa nane 2014 tuliambiwa tusinywe maji ya bomba, mji mzima, watu karibu nusu milioni, kwa sababu ya ile sumu ya mwani wa kijani kutoka Ziwa Erie, hata kuchemsha haisaidii. Siku za joto kali mwani unachachamaa. Na ukiogelea humo ngozi inawasha, tumbo linavuruga, mbwa akinywa anakufa. Mdogo aliyepata homa, alimeza maji?

#35 Mwanafunzi_Bio
Ni kweli kabisa kuhusu Erie, hasa upande wa magharibi ambako ni kina kifupi na mbolea ya mashamba inaingia. Ila mama kasema maji yalikuwa maangavu anaona vidole. Mwani ule ukiwepo maji yanakuwa kama supu ya mbaazi.

#36 Toledo_Mama
Unasukumwa na upepo vilevile. Asubuhi maji safi, jioni kijani kona moja. Usifute haraka hivyo mdogo wangu.

#37 mama_wa_GR
Kijani sikuona. Ila jioni hatukuangalia maji tena, tulikuwa tunahangaika na mtoto.

#38 Msukuma_Halisi
Sasa mpaka hapa tuna bata, majani ya korosho, nzi, kupe, usubi, harara, mwani na dawa ya nyasi, na mama anawashwa bado. Afanye nini leo usiku?

#39 Maabara_Kwanza
Kwa watoto wakubwa wawili, kitambaa cha maji ya baridi, losheni ya kalamini, ile krimu ya haidrokotizoni, nadhani ndiyo hiyo mliyopewa na daktari, wapake kidogo. Wengine wanaoga maji yenye magadi ya kuokea au unga wa oti. Kucha zikatwe fupi leo leo, kukuna ndiko kunakoleta vidonda na usaha, na vidonda ndo vitawapeleka hospitali sio vile viminyoo. Na haviambukizi, walale kitanda kimoja wasigombane.

Baba watoto ni mwingine, huyo kama mikono inavimba sana au ikifika usoni na machoni arudi akapewe dawa ya kumeza.

#40 Newala_Juu
Na yale maji ya malengelenge ya baba hayasambazi. Watu wanadhani yakipasuka yanaenda kwa mtoto. Kinachosambaza ni yale mafuta ya mmea yakiwa bado kwenye ngozi au nguo.

#41 Dada_Ann_Arbor
Nimesoma uzi wote. Sisi huwa tunafanya hivi na nawaambia tu mchague, mtoto akitoka majini hakauki kwa jua, unamfuta na taulo kwa nguvu kidogo pale pale, tena kabla maji hayajakauka mwilini, maana vile vitu vinatoboa maji yanapokauka. Halafu bomba la maji safi. Na chapati ni za watu, bata wasipewe, ukiwalisha unawaita na wakija wanakaa na wanajisaidia pale pale watoto wanapochezea.

Na kwa wanaofikiria kwenda mwezi wa nane, nafasi za kambi za jimbo zinafunguliwa miezi sita kabla, zile za ufukweni zinaisha haraka, na gari liwe na ile Recreation Passport, kibali cha gari kuingia hifadhi za jimbo. Ukiona bendera mbili nyekundu kwenye Ziwa Michigan, maji yamefungwa, usibishane hata kama yanaonekana matulivu toka mbali. Watu wetu wengi wanaona ziwa wanafikiri halina mkondo.

#42 Uvira243
Dada hiyo ya taulo ni mupya kwangu. Lakini kama vinatoboa maji yakikauka, mutoto ameshinda mu maji kuanzia asubuhi, havikumutoboa ndani ya maji?

#43 Mwanafunzi_Bio
Vinatoboa hata ndani ya maji, wengine wanasema taulo inasaidia na wengine wanasema haina tofauti kubwa. Mimi bado napangusa.

#44 Dada_Ann_Arbor
Wangu tangu nimeanza kuwapangusa hawajawashwa.

#45 Nai_Dad
Wangu nawapangusa pia na waliwashwa. Labda upepo.

#46 BabuKyela
Au labda bata.

#47 mama_wa_GR
Nimefua nguo zote mara mbili, hema liko nje limeanikwa. Wakubwa leo wanajikuna kidogo tu, vipele vimeanza kukauka. Mimi vifundo bado. Mama mkwe kapiga tena simu nimemsomea jibu la Maabara, kasema sawa ila baada ya wiki nane wapimwe hata hivyo, roho yake itulie. Nimemkubalia.

Nimeulizwa na jirani yetu hapa, wao wanataka kwenda ziwa lile lile wikiendi ya mwisho wa mwezi wa nane. Mwisho wa kiangazi hao viminyoo wanapungua au ndo wanazidi?

#48 Mwanafunzi_Bio
Kwa kawaida kilele chake ni mwanzo na katikati ya kiangazi, mwezi wa nane mwishoni wanakuwa wanapungua. Waangalie upepo asubuhi.

#49 Toledo_Mama
Viminyoo vinapungua, mwani ndo unakuwa wakati wake. Waangalie na rangi ya maji pia.

#50 Mkulima_Lansing
Na wasibebe kuni.